Tulipowatembelea ndugu zetu wa Idjwi

  Safari hii hatutazungumza juu ya maji wala juu ya usafi wa soko. Tunataka tuwasimulie safari tuliyoifanya wakati wa likizo kubwa, tulipovuka ziwa kwenda kuwaona ndugu ambao tulikuwa tumekaa miaka mingi bila kuwatembelea. Tumerudi na mananasi, tumerudi na sambaza kavu, na tumerudi pia na aibu kidogo. Yote tutawaambia.

Kila mmoja wetu ana ndugu wa mbali. Ni wale ambao jina lao linatajwa kwenye kilio na kwenye harusi, halafu linasahaulika mpaka kilio kingine. Sisi wetu wako Idjwi. Koko yetu, mama wa mama yetu, alizaliwa huko, akaolewa ng'ambo upande wa Minova, na baadaye akaja Goma na watoto wake. Alipofariki, njia ya kwenda Idjwi ilibaki na mama yetu peke yake. Na mama yetu naye alipotuacha, mwaka uliopita, tulishughulika na sanduku, na viti, na chakula cha wageni, na hakuna aliyekumbuka kutuma habari kisiwani. Tulizika bila wao.

Miezi ilipita. Siku moja tulikuwa hapa sokoni Kituku tukinunua mananasi, na mama anayeyaleta kutoka Idjwi akatuangalia sana usoni. Akauliza: "Ninyi si watoto wa marehemu fulani?" Tukasema ndiyo. Akasema: "Kuna mzee kule kwetu, kaka mdogo wa Koko wenu. Bado yuko hai. Alisikia habari ya kifo kwa watu wa soko. Anauliza kama watoto wanajua kwamba wana kwao." Tulilipa mananasi, tukaenda nyumbani, na usiku ule hatukulala vizuri. Mzee wa miaka mingi kama ile amesikia kifo cha mtoto wa dada yake sokoni, kama anavyosikia bei ya mihogo.

Basi tukaamua kwenda. Tulikuwa wanne: sisi tunaowaandikia, dada yetu mkubwa, na watoto wawili, mmoja wa miaka kumi na mmoja wa miaka sita. Baba wa watoto alibaki kulinda nyumba.

Lakini kabla ya kuingia kwenye boti kulikuwa na woga, na hatutauficha. Ninyi mnaoishi hapa hamhitaji kukumbushwa siku ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya macho yetu, karibu kabisa kufika hapa Kituku. Makumi ya watu walikufa, wakiwemo akina mama waliokuwa na mizigo ya soko na watoto. Barabara ya Minova ilikuwa imekatika kwa sababu ya vita, na watu wote walikimbilia ziwa. Wako kati yetu waliokuwa wanangoja ndugu siku hiyo pale ufukoni. Tangu hapo, dada yetu mkubwa alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga boti tena.

Tulifanya hivi. Kwanza, tulikataa safari ya jioni. Tulitaka mchana mweupe. Pili, tuliuliza jile za kuokolea maisha kabla ya kulipa tiketi, maana ukishalipa sauti yako inapungua. Tatu, siku ya kwanza tulipofika na mizigo yetu, tuliona boti imejaa watu, magunia na bidoni za mafuta, maji yanakaribia ukingo. Tuligeuka tukarudi nyumbani na mizigo kichwani. Majirani walitucheka: "Mmesharudi kutoka Idjwi?" Tuliwaacha wacheke. Kesho yake tulipata boti yenye nafasi, watoto wakavalishwa jile mpaka shingoni, tukaondoka. Mama, kurudi nyumbani na mizigo si aibu, na pesa ya tiketi inatafutwa tena.

Mizigo yenyewe ilikuwa nini? Mgeni haendi mikono mitupu, lakini pia hatukutaka kukopa kwenye muso ili tuonekane matajiri. Kwa miezi miwili tuliweka kando kidogo kidogo. Tulibeba sukari kilo tano, chumvi, sabuni, mchele, bidoni ndogo ya mafuta, makaye na kalamu za watoto, na kikwembe kimoja kizuri cha Mama Mkubwa, binti wa yule mzee. Tulichagua vitu ambavyo kisiwani vinafika kwa bei ya juu kwa sababu vinavuka ziwa. Ndizi na mihogo hatukubeba, maana wanazo wao.

Kwenye boti, mwalimu haachi kuwa mwalimu. Watoto walishika mikono yetu kwa woga, basi tukawafundisha ili wasahau. Tuliwaambia kwamba ziwa letu la Kivu liko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kwamba lina kina cha mita zaidi ya 470. Tuliwaambia kwamba halina mamba wala kiboko, na huyo mdogo akapumua. Tuliwaambia juu ya sambaza: kwamba samaki hawa wadogo tunaowakaanga kila siku hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo hakuna nyumba ya Goma isiyowajua. Mkubwa akauliza: "Kwa hiyo sambaza nao ni wageni?" Tukasema ndiyo, ni wageni waliopokelewa vizuri. Abiria wakacheka, na dada yetu mkubwa, aliyekuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, naye akacheka kwa mara ya kwanza.

Baada ya saa zaidi ya mbili tukaona kisiwa. Wale ambao hawajafika wasidhani ni kisiwa kidogo. Kina urefu wa kilometa karibu arobaini, ni cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe wa Tanzania. Kiko ndani ya Kivu Kusini, na kimegawanyika katika sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Ndugu zetu wako Rubenga. Watu wengi ni Bahavu, na wako pia Bambuti. Vita vilivyotuchosha sisi wa huku vimekipita kando kwa sehemu kubwa, hata 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda walikwenda kutafuta usalama huko. Lakini amani haimaanishi pesa. Tuliyoyaona ni migomba, mihogo, maharage, kahawa, mananasi, na watoto wengi.

Ufukoni alikuwa amesimama mwanamke mmoja na mtoto mgongoni, anatungoja. Tangu jana yake alikuwa anatungoja, siku ile tuliyokataa boti. Tulipomtambua, mdomo ulikauka.

Hapa ndipo penye aibu, akina mama, na hatuwezi kuandika habari hii bila kuisema. Dada huyu ni binti wa Mama Mkubwa. Miaka saba iliyopita alikuja Goma na mtoto mgonjwa. Alikuwa na namba ya simu ya mama yetu, lakini mama alikuwa safarini, na simu tuliipokea sisi. Aliomba mahali pa kulala siku chache wakati mtoto anapata matibabu. Tulimwambia kwamba nyumba ni ndogo. Ilikuwa kweli: vyumba viwili na sebule, na sisi tulikuwa na mtoto mchanga. Tulimpa ugali, tukampa pesa kidogo ya moto, tukamtakia heri. Baadaye tulisikia kwamba alilala usiku nne kwenye uwanja wa hospitali, kwenye kikwembe, na mtoto wake. Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini mama yetu aliporudi na kusikia, alituambia neno moja tu: "Nyumba haikuwa ndogo." Hakurudia tena, na sisi tulijifanya tumesahau.

Sasa dada huyo alitupokea kwa mikono miwili. Alichukua mzigo mkubwa kuliko yote, akauweka kichwani, mtoto mgongoni, akatangulia kupanda kilima. Hakusema neno lolote la zamani. Na sisi tulimfuata nyuma tukiangalia visigino vyake.

Nyumbani walikuwa wamefagia uwanja mpaka kwenye migomba. Koko mzee alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, ameweka koti juu ya shati. Macho yake hayaoni tena vizuri. Alitushika uso mmoja mmoja kwa vidole, polepole, na alipofika kwa dada yetu mkubwa alisimama hapo hapo, akataja jina la Koko yetu. Dada yetu ana paji la uso la Koko. Basi wote tukalia. Kilio tulichowanyima mwaka uliopita tulikilia siku ile, pale uwanjani, dakika nyingi. Halafu Mama Mkubwa akapangusa macho na ncha ya kikwembe akasema: "Imetosha. Watoto wana njaa."

Walituletea maji ya moto tunawe mikono na miguu. Ndipo chakula kikaja. Ugali wa muhogo mweupe, laini, unaoteremka bila kubanwa. Sombe iliyotwangwa asubuhi ile ile, imepikwa kwa mawese na kitunguu. Sambaza wabichi waliotoka ziwani usiku, wamekaangwa, na wengine kwenye nyanya na pilipili kali. Sisi tunanunua sambaza hapa Kituku kila siku na tulidhani tunawajua. Hatukuwajua. Wale wa pale wamefika jikoni kabla jua halijawa kali. Watoto walikula na watoto wa pale kwenye sahani moja kubwa, mkono kwa mkono. Huyo mdogo wetu, ambaye nyumbani hukataa sombe na kudai wali, aliangalia wenzake sita wanavyomaliza, akaelewa haraka kwamba hapo hakuna wa kumbembeleza. Alikula mpaka akalamba vidole. Mnaotuuliza mashuleni dawa ya mtoto mchaguzi wa chakula, hiyo ni mojawapo: mkalishe na wenzake kwenye sahani moja.

Jioni ile tuliona mbuzi amefungwa nyuma ya jiko, amenona. Mkubwa wetu alirudi kutoka kucheza na habari. Binti wa mwisho wa yule dada mwenye mtoto mgongoni, msichana wa miaka kumi na minne, alimwambia: "Mbuzi huyu alikuwa wa minervali yangu, lakini kesho mtamla." Hakusema kwa uchungu, alisema tu kama habari.

Akina mama, mnajua hesabu hiyo. Shule ya msingi ya serikali watoto hawalipi tena tangu 2019, lakini sekondari ni malipo, na mbuzi ni benki ya mama wa kijijini. Tungefanya nini? Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana, hasa sisi tuliokuja kutengeneza yaliyoharibika. Kukubali ni kula mwaka wa shule wa msichana. Tulikaa na dada yetu gizani, tukanong'onezana. Mwishoni dada yetu akasema kwamba mambo ya namna hii hayaamuliwi na wageni wala na mpishi, yanaamuliwa na mkubwa wa nyumba.

Asubuhi mapema akaenda kwa Koko mzee peke yake, akapiga magoti. Alisema: "Koko, tumekuja kuomba zawadi moja. Yule mbuzi mtupe sisi." Koko akasema: "Ni wenu, watamchinja leo." Dada yetu akasema: "Kama ni wetu, basi tunaomba abaki hai hapa kwenu, na mwezi wa tisa atumike kwa minervali ya binti." Mzee alinyamaza kidogo, halafu akacheka mpaka akakohoa. Akaita Mama Mkubwa, akamwambia: "Watoto wa dada yangu wana akili ya nyumbani. Chinja kuku." Hakuna aliyeaibika. Mama Mkubwa alitufokea kidogo kwa heshima, lakini tuliona mabega yake yameshuka.

Kuku yule alipikwa kwa moto wa kuni, taratibu, na ndizi za kupika na maharage chunguni, na avoka pembeni. Walituletea mananasi yaliyokatwa, matamu mpaka ulimi unawasha, na mutobe wa ndizi kwa watoto. Wakubwa waliletewa kasiksi. Dada yetu aliionja kwa adabu. Firigisi alipewa Koko, naye akaikata vipande vinne vidogo sana akawapa watoto wetu wawili na wawili wa pale. Tulikaa mpaka usiku. Koko alitutajia ukoo wetu, jina baada ya jina, nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, na mkubwa wetu aliandika kwenye kaye, kurasa tatu. Ndani ya kurasa hizo tumekuta watu wawili wanaoishi hapa hapa Goma, mmoja tunakutana naye sokoni bila kujua kwamba ni damu yetu.

Siku hiyo pia Mama Mkubwa alituambia habari yake. Ni mjane wa kahawa. Kisiwani neno hilo linaeleweka. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi haikuwa na bei nzuri upande wetu, basi wanaume waliipakia usiku kwenye mitumbwi midogo, wakavuka kwenda kuiuza Rwanda. Mitumbwi ilijazwa kupita kiasi, upepo ukaamka, na wengi hawakurudi. Mume wake ni mmoja wao. Alibaki na watoto watano. Vyama vya ushirika vilivyoundwa baadaye vimesaidia wakulima kuosha kahawa na kuiuza kwa njia halali, na sasa naye anapeleka matunda yake kwenye kituo badala ya kuyapeleka kwenye mtumbwi wa usiku. Tulimuuliza kama yeye mwenyewe anakunywa kahawa yake. Alishangaa: "Kahawa ni ya kuuza, mimi ninakunywa chai." Tulifikiria ziwa lile lile linalotulisha sambaza, lilivyomla mume wake usiku, na lilivyowala watu wetu hapa Kituku mchana. Sababu ni moja pande zote mbili: mzigo uliozidi chombo, na mtu aliyelazimika kupanda.

Darasani huwa tunawasimulia watoto habari ya nchi ya Ayalandi, huko Ulaya. Kuanzia 1845 ugonjwa uliharibu viazi vyao, chakula cha maskini, na watu kama milioni moja wakafa. Wengine zaidi ya milioni moja walivuka bahari, wengi wakaenda Marekani. Leo vitukuu vya wale waliokimbia hurudi kutafuta ndugu ambao hawajawahi kuwaona, wanagonga mlango, wanapewa chai na viazi. Tulikuwa tunafundisha habari hiyo kama jambo la mbali. Sisi ndugu zetu hawakuwa ng'ambo ya bahari. Siku isiyo na ukungu, ukisimama juu kidogo hapa mjini, kisiwa chao unakiona.

Siku ya tatu tulishika jembe. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini sisi hatukungoja kupewa. Tulipalilia maharage na yule dada, bega kwa bega, na huko shambani, mbali na masikio ya watoto, dada yetu mkubwa akatuangalia kama kusema: sasa. Tukasema. Tulimwambia kwamba mwaka ule alipokuja na mtoto, tulimfanyia vibaya. Tulimwambia kwamba mama yetu alituambia nyumba haikuwa ndogo, na kwamba alisema kweli. Tukamwomba msamaha.

Aliendelea kulima mstari mzima mpaka mwisho. Halafu akasimama, akajiegemeza kwenye jembe. Akasema: "Nililia sana usiku wa kwanza. Usiku wa pili mama mmoja wa Masisi, tusiyejuana, alinifunika na blanketi lake. Nikasema, basi, Mungu ana ndugu wengi." Akanyamaza. Halafu akasema: "Mmekuja. Mngebaki bila kuja, hapo ningekasirika." Akatuelekeza palipobaki magugu, tukaendelea.

Hatutasema kwamba moyo ulikuwa mwepesi mara moja. Aliyosema kuhusu mama wa Masisi yalituchoma zaidi kuliko kama angetutukana. Mtu asiye ndugu, labda naye mkimbizi, alitoa blanketi. Sisi tulitoa pesa ya moto.

Kesho yake tuliondoka. Tulitaka kubaki, lakini siku nne zinatosha. Tulikuwa tumeshaona Mama Mkubwa anachota unga kutoka chini kabisa ya gunia. Mgeni mwenye macho huona chini ya gunia bila kuambiwa. Walitufungia mananasi manane, sambaza kavu, maharage, na kopo la kahawa. Tuliacha mchele wote na jile mbili tulizokuwa tumezinunua za watoto, maana wao ndio wanaovuka mara nyingi. Za kurudi tulipewa kwenye boti. Koko mzee alisindikizwa mpaka ufukoni, akashika tena nyuso zetu. Hakutuuliza tutarudi lini. Aliuliza tu kama kaye lenye majina limefungwa vizuri lisilowe.

Sasa, akina mama wa vikundi, kuna mambo machache tunayotaka tuwaachie.

Unapokwenda kwa ndugu, peleka kile wasichokuwa nacho, kwa kiasi chako, bila deni. Ukifika, kula walichokupikia kwa furaha, na usilinganishe na cha mjini mbele ya watoto. Angalia kwa macho kile ambacho wanataka kukuchinjia, na kama ni riziki ya mtoto, zungumza na mkubwa wa nyumba kwa heshima na mapema, kabla kisu hakijatoka. Shika kazi. Ondoka kabla chakula hakijawa mzigo. Chemsha maji ya watoto huko kama unavyochemsha hapa, maana kipindupindu hakijui ukoo. Na kwenye boti, ikiwa imejaa, rudi nyumbani.

Kwa upande wa kupokea, tunajua hali. Nyumba nyingi za mtaa huu zimepokea watu waliokimbia vita, mara mbili, mara tatu, na akina mama wamegawanya sufuria moja kwa familia mbili. Hatuandiki kumhukumu aliyechoka. Tunasema tu kwamba tulipomwambia dada yetu kwamba nyumba ni ndogo, hatukuwa tumehesabu sakafu ya sebule. Kabla ya kusema hapana, ihesabu sakafu.

Na habari ya mwisho. Yule msichana wa mbuzi anataka kuwa mwalimu. Humaniti ya ualimu iliyo karibu nao iko mbali kwa miguu, na tuliongea na mama yake tukiwa ufukoni. Mwezi wa tisa atakuja kukaa kwetu, asome hapa. Mbuzi atalipa muhula wa kwanza, na sisi tutatafuta wa pili. Vyumba ni viwili na sebule, kama zamani. Watoto wameshapima wenyewe kwa kamba mahali godoro lake litakapokaa.

Jumamosi kwenye mkutano, kila mama aje na kaye na ajaribu kuandika majina ya ukoo wake upande wa mama, mpaka atakapokwama. Hapo alipokwama, atafute mzee wa kumuuliza wakati bado yuko hai. Kahawa ya Idjwi tutaileta sisi.

Mbaki na amani.